Kipimo cha Kiwiko

Kondo, kabla hujashika brashi, shika hili:
maji ya moto hayana rafiki wa kudumu.

Pale Mbagala, juu ya bati la mama mwenye nyumba,
mpira mweusi umejikunja kama joka lililoshiba.
Tunaujaza usiku, bomba likiukumbuka mtaa wetu,
na ikifika saa nne jua limeshamaliza kazi
bila mkaa, bila luku, bila kudai posho.
Maji hayo yanatosha vioo vya saluni na maduka ya simu,
vumbi tu, na vidole vya watoto.

Lakini leo tuna mgahawa wa Kinondoni,
dirisha la jikoni, mafuta ya chipsi ya miaka mitatu
yaliyogandamana mpaka nzi wanateleza.
Hapo jua peke yake halifui dafu.
Hapo tunawasha gesi.

Nasema tunawasha tukiwa tumesimama.
Guta limezimwa, jiwe liko chini ya tairi,
mtungi umeshushwa, wima, penye upepo.
Usiniletee habari ya kuchemsha njiani
eti tufike yakiwa tayari.
Haraka hiyo ninayo hapa mkononi. Tazama.

Hii siyo alama ya kuzaliwa.
Ni masika ya mwaka juzi, foleni ya Tazara,
Mwamtoro yuko kwenye usukani, mvua inapiga turubai,
na mimi nimejifungia nyuma na jiko la mkaa
na dumu la chuma, kifuniko nimekikaza
maji yasimwagike kwenye mashimo.
Kichwa kikaanza kugonga. Usingizi ukanijia, mtamu,
usingizi usio wangu.
Sumu ya mkaa ndiyo ile: haina harufu, haipigi hodi.
Kilichoniamsha ni kifuniko.

Maji yakichemka yanataka kusema.
Ukiyaziba mdomo, yatapiga ukelele,
na ukelele wake ni ngozi yako.
Mpaka leo sijui nikilaani kifuniko kile au nikishukuru.
Mwamtoro alinivuta miguu hadi kwenye lami,
akanimwagia maji baridi, ndoo ya pili, ya tatu,
akamfukuza msamaria aliyekuja mbio na dawa ya meno.

Basi siku hizi kifuniko kinalazwa tu, hakikazwi.
Na mrija wa gesi tunaupaka povu kila asubuhi,
povu lile lile linalotulisha.
Likivimba hata kidogo, hatuwashi,
mteja apige simu mpaka chaji imwishie.

Halafu kuna kile kioo cha ofisi ya bima, Samora.
Ndani kiyoyozi kimekigandisha,
nje mimi nakipiga maji yanayofuka mvuke.
Kilitoa sauti ndogo, kama mtu anayejizuia kukohoa msikitini,
kisha ufa ukatembea kona hadi kona,
taratibu, hauna wasiwasi wowote.
Laki tatu na nusu. Tulikula mihogo mwezi mzima.

Kwa hiyo: baridi kwanza kwenye ndoo, moto juu yake,
ndipo upime.
Siyo kwa kidole. Kidole kimezoea, kitakudanganya.
Kiwiko, kama mama anavyoyapima maji ya mtoto
kabla hajamtia kwenye karai.
Yakikubembeleza, yanafaa. Yakikushtua, ngoja.

Ungeniuliza kwa nini sipimi mwenyewe.
Mkono huu hausikii tena,
palipoungua hapajui masika wala kiangazi.
Na ule mwingine siuamini:
tangu siku ile, kila maji unayaona ya moto,
hata ya mvua.

Mwenye mgahawa anachungulia, anatazama saa.
Mwache atazame.
Kunja shati, Kondo. Chovya.
Niambie.