Daftari la Mto Mpanga

Kila alfajiri nashuka na daftari langu la serikali,
lile la jalada la kijani, lililolowa mara mbili,
kusoma ubao wa namba uliosimikwa majini
chini ya daraja.
Mita moja nukta nne. Mita moja nukta tatu.
Miaka kumi na saba: mto unasema, mimi naandika,
na Entebe hawajanijibu hata siku moja.

Siku ile nilikuta mgeni amenitangulia,
viatu mkononi, suruali ameikunja hadi magotini,
mama wa makamo, nywele rangi ya mabua makavu.
Ragnhild, akasema. Jina likanikwama kooni kama mwiba wa ngege,
basi nikampa la kwetu,
maana huku Tooro mtu hasalimiwi bila empaako:
wewe kuwa Abwoli. Mimi ni Araali.
Akalirudia mara tatu, akilionja.

Kwao pia ni msitu na mto, alisema,
wilaya yenye miti mingi kuliko watu.
Babu yake alichunga magogo:
theluji ikiyeyuka yalishuka mtoni kwa maelfu
kama ng'ombe waliofunguliwa zizi,
naye juu yao, akiruka gogo hadi gogo
na fimbo yenye ncha ya chuma.
"Na huu wenu, unabeba nini?"

Nilitaka kujibu kama vile vipeperushi vya watalii.
Nikashindwa.
Unabeba udongo wa mashamba ya chai, Abwoli.
Unabeba povu la sabuni ya Fort Portal,
na kandambili, moja moja,
sijaona pea ikipita pamoja.
Mwaka wa mafuriko ulibeba mlango mzima wa nyumba,
kufuli lake likiwa bado limefungwa.

Akacheka. Kisha akaacha.

Tuliteremka hadi korongoni, penye mitapo,
miti mikongwe isiyojua kutoa ua,
na hapo, akipangusa tope kisiginoni,
akaniambia habari ya Januari:
kwao mto husimama.
Hukauka?
Hapana. Huwa mgumu kama sakafu.
Watoto huvuka juu yake kwenda shule.

Nilimtazama kama ninavyoutazama ubao
baada ya vijana kuupinda.
Mto usiosogea, wewe utausomaje?

Akaenda zake. Mvua zikaja, zikaisha.
Januari, kabla hakujapambazuka, simu ikatetemeka mezani:
*Araali, umesimama leo. Nimevuka kwa miguu.
Nilipofika katikati nimekusalimu.*

Nikashuka. Kiangazi, maji machache,
tumbili wakinywa mahali ambapo juzi palikuwa kina.
Nikaandika: sifuri nukta tisa.
Halafu, kwenye safu ya Maelezo,
ambayo kwa miaka kumi na saba nimeiacha nyeupe:

*Wa Abwoli umesimama. Wetu unapita.*

Wale wa Entebe, wakitaka, na waulize.