Ripoti ya Wiki ya Tatu

Nandutu, umeniomba jibu la neno moja:
tangazo limelipa, au halijalipa?
Nimefungua ripoti saa kumi na moja alfajiri
kabla bando la usiku halijanifia mkononi,
Wanale bado umejifunika ukungu hadi kidevuni.

Naanza na kikubwa, maana kikubwa hupiga kelele:
wageni elfu nne mia moja na kumi na wawili.
Usishangilie. Debe hili naujua mlio wake.
Elfu tatu na ushei walichungulia
wakaondoka kabla picha ya malewa haijafunguka,
sekunde nne, sekunde tano,
kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa makosa.

Laki tatu zako zilikwenda hivi:
laki na nusu kwa vijana wa Kampala
niliohakikishiwa kwamba wanapenda chakula cha asili
(nao, yaonekana, wanapenda kukiangalia);
elfu themanini Mbarara, kosa langu, nakiri,
nani wa kule aliwahi kulilia chipukizi la mwanzi?
Iliyobaki niliitupa nje ya mipaka, usiku, kwa kubahatisha.

Mchoro una mstari wa buluu.
Jumatatu unapanda, Jumatano unateleza
kama boda kwenye kilima cha Bufumbo mvua ikinyesha.
Nimejifunza kutougombeza.
Nauuliza tu: Jumatano kulikuwa na nini?
Haujui. Umeme ulikatika. Hilo nalijua mimi.

Waliotia kitu kikapuni: kumi na tisa.
Waliolipa: watatu.
Mmoja wa hao watatu ni mimi, nikijaribu kama malipo yanapita.
Andika wawili.

Subiri, usikunje uso.

Kuna mgeni mmoja, mstari wa mia mbili na sita.
Ripoti haimjui jina, inamjua mji tu: Doha.
Aliingia saa tisa usiku, na saa zao ni saa zetu,
akakaa dakika ishirini na mbili.
Alifungua picha ya malewa yaliyokaushwa moshini,
akaifunga, akaifungua tena,
akasoma maelezo yako yote ya kuponda karanga
hadi pale ulipoandika "usiuharakishe moto".
Akarudi usiku wa pili. Na wa tatu.
Hakununua. Doha hatupeleki.
Kwenye safu ya mauzo ameandikiwa sifuri,
sifuri ileile ya yule wa sekunde nne.

Nimekaa na sifuri hizo mbili mpaka kumekucha.
Moja ni tupu.
Nyingine ina njaa ndani.

Halafu kuna ambalo mashine haikuniambia.
Jana nilipita dukani kwako, Mtaa wa Naboa,
nikakuta kamba mbili za malewa zinaning'inia ukutani
pale palipokuwa na kumi na nne.
Nikamwuliza Wepukhulu nani kanunua.
"Watu," akasema, huku akitafuta chenji.
"Wanakuja na simu, wananionyesha picha,
wanasema tunataka hii."
Miguu haina kiungo cha kubofya, Nandutu.
Mtu kaja, kalipa, kaondoka na harufu ya moshi kwenye shati,
na ripoti yangu haikusikia hata chafya.

Kwa hiyo neno moja sina.
Nimemwachia Wepukhulu daftari, na kalamu niliyoifunga kwa uzi
ili isitembee:
kila anayekuja na picha, achore kijistari.
Wiki ya nne tutajumlisha vyake na vyangu,
tuone nani kati yetu anahesabu hewa.

Mbarara nimeizima.
Doha nimeiacha iwake, elfu mbili kwa siku.
Ukiona ni hasara, kata kwenye ujira wangu,
ila kwanza niulizie pale posta
kilo moja ya malewa makavu husafirishwa kwa bei gani.