Herufi Niliyoiita Bofulo

Nilianza na a, kwa kuwa lugha yetu
ni nadra kumaliza neno bila kumwita a au mmoja wa nduguze.
Nikaweka kifuniko cha sufuria juu ya karatasi,
nikazungusha penseli,
kisha nikalivuta duara mbavu zote mbili
mpaka likakaa kama mtu aliyeshiba akaegemea mto.
Haina kucha, haina mkia.
Kila pembe nimeitafuna.

"Mbona yanenepa?" akauliza dada yangu Sauda.
Ipate pumzi, nikamwambia.

Q na x nilizichora mwisho, saa nane usiku,
feni ikilia, stima ikitishia kukatika.
Kwetu hazina kazi. Ni kama wageni:
wamepewa kiti, wamepewa maji,
hawana la kusema.

Ikapata riziki. Ikapanda ukuta wa kliniki ya uzazi Tudor,
ikajibandika kwenye chupa za ukwaju Kibokoni,
na kwenye duka la magodoro Mwembe Tayari
ambako neno LALA lilijaza ukuta mzima
na wapita njia wakapiga miayo.

Lakini usiipunguze.
Ukiishusha mpaka kwenye karatasi ya dawa
tumbo la e linaziba, a inageuka o,
na "mara mbili kwa siku" ni safu ya madoa.
Imezaliwa kunadi. Kunong'ona haijui.

Akaja Omari Shalo, mwenye bucha Majengo.
Fundi wa kwanza alikisahau kile kialama cha juu;
wateja wakawa wanauliza, kwa kicheko,
ngombe ni mnyama gani, na kilo yake ni pesa ngapi.
Nami nilikuwa sijakichora!
Miezi saba nazungusha maduara,
nimesahau kitone kinachobeba pua nzima ya lugha.
Nilikuwa nikila tende. Nikaitema kokwa,
nikaipima kwa rula: nene, laini, imeinama kidogo.
NYAMA YA NG'OMBE. Ikaenea.

Mwezi wa Rajabu akafiwa na babake.
Akaja na kikaratasi: "Tanzia. Kwa herufi zako."
Nikaipanga. TANZIA ikatabasamu.
Nikaipunguza, ikatabasamu.
Nikaitia weusi mtupu, ikazidi kutabasamu.
Na jina, Mbarak Shalo bin Athmani, halikuenea mstarini;
"bin" ikabaki ukingoni peke yake,
haijui ni mwana wa nani.

Nikazima mashine. Nikatafuta kalamu ya wino,
nikaandika kwa mkono wa skuli,
mwembamba, wa kuinama, polepole.
Omari akasoma mara mbili.
"Hii sawa," akasema. "Hii imevua viatu."

Bucha lilifungwa siku tatu.
Juu ya kufuli NG'OMBE ilikaa vile vile,
pana, imeshiba,
na kokwa yangu juani.