Bei ya Neno Maji

Miaka tisa nimenunua maneno.
Si kwa kilo, si kwa debe: kwa mbofyo.
"Boza la maji South B", shilingi arobaini na tano,
likipanda hadi sitini wiki ya mgao,
na "maji leo", hilo dogo la wenye kiu,
siku mifereji ilipokauka Imara Daima
nililipa mia na kumi
nikaona haya, kama niliyemkodishia mtu koo lake.

Mnada ulikwisha kabla kope hazijagusana.
Mtu aandika shida yake, sisi twapigania bei,
na malori mawili ya Kasyoka
yanatoka kisimani Lang'ata yakidondosha njia nzima.

Sasa nimekaa ghorofa ya nne, Barabara ya Kirinyaga,
chini wanagonga rimu,
juu mchoro wangu wa mwezi umelala
kama mstari wa mgonjwa aliyekwisha.
Kasyoka anapiga simu:
"Mutheu, kwani watu wameacha kuoga?"

Hawajaacha kuoga. Wameacha kutafuta.
Wanauliza.
Wanakiuliza kile kisanduku chenye adabu,
nacho kinajibu jibu moja, hakipangi foleni,
hakina juu wala chini ya kuuziwa mtu.

Jana usiku nilikijaribu:
nani ataniletea maji South B kabla ya saa mbili?
Kikamtaja Ombati,
aliyeuza boza lake mwaka juzi
akaenda kufuga kuku Keroka.
Kikaniusia pia nichemshe kabla ya kunywa.
Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia:
Ombati hajalipa hata ndururu,
nami nimejenga kodi ya nyumba na karo ya mtoto
juu ya vidole vya watu vinavyoteleza.

Leo Kasyoka amenunua kopo la rangi.
Ameandika namba yake ubavuni mwa tangi,
ile tisa imepinduka kidogo.
"Hii," anasema, "hainitozi kwa kutazamwa."

Sijamwambia ninachokingoja.
Mnada nimeulisha, naujua: haufi, huhama kiti.
Kila usiku nakiuliza kile kisanduku maji,
maji, maji tena,
nimetega sikio kwenye sentensi zake laini,
hadi siku kitakapokohoa kidogo
kabla ya kutaja jina.