Tiketi ya Nyumba ya Bibi

Nimelipa shilingi mia kuingia
nyumba aliyozaliwa mama.
Lumadede, kijana wa risiti, ameuliza:
mkazi au mgeni? Bei si moja.
Nikasita. Mvua ya Maragoli ikanihimiza ndani.

Mlango ungali mfupi. Usipoinama hupiti;
hata askofu, anasema, aliinama.

Kuta zimesiribwa upya,
udongo laini, bila alama ya kiganja.
Mafiga yamefagiliwa majivu yote.
Jiwe la kusagia limezungushiwa kamba ya bluu
na kibao: USIGUSE.

"Pengo hili," anasimulia, "ni la vita vya zamani."
Nanyamaza.
Pengo lile ni la mama, miaka tisa, akisaga wimbi,
akaliangusha, akatorokea kwa shangazi kule Mbale
akalala huko siku mbili.
Bibi Kadenyeka alimfuata na chane ya ndizi.
Jiwe hakulitaja, siku ile wala nyingine.

Kinachokosekana ni moshi.
Bibi alinukia moshi hata kanisani,
hata sarafu alizonifungia kwenye pindo la leso.
Hapa panatoka harufu ya vanishi
na dawa ya mchwa.

Lumadede anageuka kufunga dirisha.
Napitisha mkono chini ya kamba.
Dole gumba linaenea penye pengo, sawasawa.

Nje, kwenye daftari la wageni,
penye "Umetoka wapi?"
naandika Nakuru. Nakata.
Kisha naandika tena Nakuru,
maana ndiko ninakolipa kodi ya nyumba.