Nifumue Neno

Nashona nguo Magongo,
penye ngazi za udongo,
imenipinda mgongo
cherehani ya mkono.

Mwanagenzi ni Wakesho,
uso haukosi jasho;
joho la kwaya, la mwisho,
aligeuza mkono.

Nikamwambia kwa chuki:
"Kazi hii huishiki,
rudi kwenu, hufundiki,
hukuumbiwa sindano."

Hakulia, hakujibu,
kafumua taratibu;
nikarudi kwa hesabu
kana kwamba si maneno.

Siku ya pili hakuja.
Kiti tupu kikangoja,
ikapita saa moja,
saa mbili, hadi tano.

Malori yana kelele,
nasikia neno lile,
limekwama pale pale
kooni, mwiba wa pono.

Nikafunga, nikatoka,
Mikindani nikafika,
nikamwona akisuka
nduguye, yu kimya mno.

Vidole vile vyepesi,
njia zake hazikosi;
Mungu alivipa kasi,
mimi nikavipa neno.

"Nisamehe," nikasema,
"nilikunyima heshima;
Bwana kanipa uzima
leo, nifumue neno."

Akaficha tabasamu:
"Lile joho, ee mwalimu,
nililimaliza humu
kwa taa, uzi, sindano."

Siku ni pande la jora,
Bwana halikati mara
mbili. Shona kwa subira,
usitoboe kwa neno.

Uliyeamka leo,
usingojee machweo;
mfunike kama nguo
mwenzio, kwa jema neno.

Jumapili niliketi
safu ya nyuma, si kati;
ilipopanda sauti
ukainuka mkono.