Kilometa Ishirini, Barabara ya Kipushi

Juni. Baridi ya Lubumbashi imekaa magotini
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mbele ya Posta tuko mia mbili na kidogo,
namba zimebanwa vifuani kwa pini za cherehani yangu.
Nimezigawa tangu jana, "Mama Kyabu, moja tu,"
hadi mimi nimebaki na tatu,
na pembe ya namba yangu inanipigapiga tumboni.

Kocha Monga, mstaafu wa reli,
anayeipima dunia kwa stesheni,
ameniandikia kiganjani kwa kalamu ya bluu:
*12 kujizuia. 8 kazi.*
"Leo hushindani. Leo unafanya mazoezi
katikati ya watu wanaoshindana.
Ukimpita mtu kabla hujalivuka daraja mara ya pili,
Jumatatu usinigongee mlango."
Arobaini na mbili zenyewe ni Septemba.
Hizi ni chumvi kwenye ncha ya ulimi.

Rahisi kusema.

Filimbi ikalia, na damu haisomi kalenda.
Vijana wa Katuba wakaruka kama bisi kikaangoni.
Chola, niliyemwacha nyuma mwaka jana,
akanipita, akageuza shingo,
akanipa tabasamu la mtu aliyelipwa deni.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni,
walituimbisha shuleni.
Za lami huishia wapi, hawakutuambia.

Kilometa ya tano, wifi yangu Musau,
sweta juu ya kitenge, mwiko wa bukari mkononi:
"Weye Kyabu! Njo kukimbia gani ile?
Hata baba wa miwani amekupita!"
Mtaa mzima ukacheka.
Ningesema sikuwa na pumzi ya kujibu.
Nilikuwa nayo, na hapo ndipo palipouma:
pumzi tele, imefungwa kama pesa kwenye pindo la kitenge,
na sina ruhusa ya kununua hata karanga.

Kilometa ya tisa wakatokea wenye makala,
wanaingia mjini tunakotoka.
Baiskeli imebeba magunia manne, haina nafasi ya mtu;
mtu yuko pembeni, anaisukuma,
amelala na barabara usiku kucha.
Mmoja, bila kuinua kichwa, akaniambia:
"Pole na kazi."
Asubuhi ile nzima
hakuna mwingine aliyeiita kazi.

Nikageuza kwenye pipa jekundu. Nikarudi.
Lori la madini likatumwagia vumbi,
na vumbi lilipotua nikamwona yule yule mbele yangu,
mgongo, magunia, tairi linalolia,
na hatua mia mbele yake, daraja.

Kanuni ni kanuni. Monga hakusema mtu wa namna gani.
Nikapunguza. Nikaweka kiganja kwenye gunia la nyuma,
nikasukuma.
Baiskeli ikashtuka, kisha ikakubali.
Hakugeuka. Tulipanda vile vile, watu wawili,
huku nyuma wakitupita wanne, watano, na bibi mmoja wa kanisa.

Ng'ambo ya daraja nikasema "Aksanti, kaka,"
nikafungua pindo.

Sitaeleza nane zile. Zilikuwa nane.
Miguu ilinunua kila ilichokitamani tangu alfajiri.
Baba wa miwani nilimpita akifuta miwani.
Kwa Musau nilipita kimya; mwiko ulibaki hewani.
Chola sikumpata. Niliona mgongo wake tu ukikua,
na kwenye fulana yake, ziking'aa,
pini zangu nne.

Monga hakupiga makofi. Alitazama saa yake ya reli.
"Daraja?"
Nikamfungulia kiganja: cheusi ti,
hakuna kumi na mbili, hakuna nane, hakuna wino.
Akakitazama kwa muda mrefu
kama tiketi isiyojulikana imetoka stesheni gani.

"Sasa hivi," akauliza, "ungeweza kuirudia njia yote?"

Nikasema ndiyo
kabla miguu haijaulizwa.
Iliposikia, ikaanza kutetemeka,
nikakaa ukingoni mwa barabara,
nikaomba maji, na mkate, na pini moja.